Sifa za Upungufu wa Kumbukumbu katika Kompyuta Kuukuu

Miongoni mwa mambo ambayo wanazuoni wameyanyima sifa yanazostahili, halipo lililodhulumiwa kuliko upungufu wa kumbukumbu katika kompyuta kuukuu ya nyumbani. Kwa kumbukumbu hapa inakusudiwa RAM, yaani ile nafasi ya kazi ambamo kompyuta huweka kwa muda kila kinachotumika wakati huo, na ambayo hufutika yote umeme unapokatika, tofauti na diski inayotunza mafaili hata mashine ikizimwa. Katika nyumba za Igoma, Buhongwa na Usagara mkoani Mwanza, ambako kompyuta ya mezani aghalabu huwa imekwisha kustaafu katika ofisi fulani ya ng'ambo kabla ya kununuliwa kwa bei ya mtumba, RAM hiyo mara nyingi haizidi gigabaiti 2, na upungufu wake hulaumiwa asubuhi na jioni na watu ambao hawajawahi kuketi wakauchunguza mwenendo wake.

Fadhila zake ndogo zaweza kutajwa kwa haraka. Huitia feni bidii na kukipasha chumba joto, jambo ambalo Mwanza halihitajiki, lakini zawadi haichaguliwi. Huwakinga wenye nyumba na habari za uzushi, kwa kuwa ukurasa wenye uzushi humaliza kufunguka wakati uzushi wenyewe umekwisha kukanushwa. Huleta ujirani mwema, maana anayetaka kutuma barua kabla ya saa kumi hulazimika kubisha hodi kwa mwenye simu nzuri.

Fadhila inayozipita zote hizi ni ukweli. Upungufu wa kumbukumbu husema "sina" pale ambapo kweli hakuna kitu, husema mbele ya watu, na husema kwa tarakimu. Anayebonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja hufunguliwa dirisha la usimamizi wa kazi, ambamo kila programu huorodheshwa pamoja na kiasi cha RAM ilichochukua, na jumla ya asilimia iliyotumika huandikwa juu yake bila aibu. Ni hesabu ya kikoba gani, au ya kamati gani ya harusi, iliyowahi kuanikwa kwa uwazi wa namna hiyo, ikabadilishwa kila baada ya muda mfupi bila mhazini kufuatwa nyumbani kwake? Hata makato hutangazwa mapema: kompyuta isiyo na kadi yake ya picha hukopa sehemu ya RAM kwa ajili ya kuchora kinachoonekana kwenye kioo, na mkopo huo huandikwa waziwazi, kwamba katika gigabaiti 2 zilizonunuliwa ni moja na kitu tu zinazotumika. Upungufu huu, zaidi ya hayo, hautazami sura. Mwalimu mkuu mstaafu na mtoto wa darasa la tatu hukataliwa kwa maneno yaleyale. Hauombi chai, haumuulizi mtu ametumwa na nani, na haumwambii arudi kesho.

Ukweli huu una nasaba tukufu. Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kilipokuwa kikishuka mwezini, kompyuta yake ya kuongozea, iliyokuwa na kumbukumbu ya kazi ya maneno 2,048 ya biti 16, yaani kilobaiti 4 tu, ilionyesha ishara ya hatari namba 1202, iliyomaanisha kwamba kazi zimezidi nafasi. Waandishi wa programu yake, waliokuwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, akiwemo Margaret Hamilton, walikuwa wameupa upungufu heshima yake tangu mwanzo, hivyo kompyuta iliziacha kazi ndogo, ikazishika kubwa, na watu wakatua salama. Tanzania nayo ilikwenda mbali zaidi katika kuutukuza upungufu: baada ya kompyuta ya kwanza kufungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965 na matatizo yake kuonekana, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na kwa miaka mingi tatizo la RAM kujaa likawa halisikiki kabisa.

Namna upungufu unavyofanya kazi, msomaji wa kando ya Ziwa Victoria aweza kuielewa kwa kuikumbuka njia inayochepuka Usagara kwenda Kigongo, kabla ya Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 kufunguliwa Juni 2025. Kivuko kilikuwa na nafasi yake, na magari yaliyozidi yalibaki ufukweni. Kompyuta nayo, RAM ikijaa, huziteremsha ufukweni, yaani kwenye diski, data ambazo hazitumiki kwa wakati huo, kisha huzipakia tena zikihitajika. Mbinu hii, iitwayo kumbukumbu pepe, ilikwisha kutumika katika kompyuta ya Atlas ya Manchester mwaka 1962, na haina ubaya wowote mradi mizigo isizidi sana. Ikizidi, kila gari linaloteremshwa ndilo linaloitwa papo hapo, na kivuko hushinda kutwa kikipakia na kushusha magari yaleyale pasipo kumvusha mtu. Hapo taa ya diski huwaka bila kupepesa, kishale cha kipanya huganda, na mashine huwa imestaki.

Kwa mafundi, upungufu huu ni mtoaji wa riziki asiyesahau mtu, nao wameutungia tiba za madaraja mbalimbali. Ya kwanza ni kuchomoa kipande cha RAM na kuyasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, tiba ambayo huponya kweli pale tatizo linapokuwa uchafu na mashine inalia tu bila kuwaka, lakini ambayo haijawahi kuzigeuza gigabaiti 2 kuwa 4. Ya pili ni kuzizuia programu zinazojiwasha zenyewe mashine inapoamka, nayo ni tiba ya busara, ndiyo maana haitozwi fedha nyingi na haipendekezwi mara kwa mara. Ya tatu ni kupiga Windows upya, ambayo huleta wepesi wa wiki chache hadi programu zilezile zitakaporudishwa. Ya nne ni kuongeza RAM yenyewe, na hapa mnunuzi hujifunza kwamba kipande cha aina ya DDR3 hakiingii katika nafasi ya aina ya DDR2, kwa sababu pengo lake limekatwa mahali pengine. Na akipata kinachoingia, hujifunza kwamba mfumo endeshi wa biti 32 kwa kawaida hauhesabu zaidi ya anwani 4,294,967,296, ambazo ni gigabaiti 4, na sehemu ya anwani hizo imekwisha kugawiwa vifaa vingine, hivyo huona 3 na kitu. Fundi asiyejua kulieleza hili husema kwamba RAM imechoka.

RAM haichoki. Kipande kilichotengenezwa miaka 15 iliyopita kinabeba leo kiasi kilekile kilichobeba siku kilipotoka kiwandani, na barua iliyoandikwa juu yake wakati huo ingeandikika leo kwa kasi ileile. Kilichobadilika ni mzigo, na mzigo una wenyewe. Wapo watengenezaji wa programu ambao hupewa mashine mpya zenye RAM tele, wakaandika humo vitu ambavyo kwao ni vyepesi, wakaviita maboresho. Kikokotoo kinataka intaneti, programu ya kusomea hati inataka kujisajili, na vichupo vya kivinjari, kila kimoja kikiwa kimebeba matangazo yake na vipelelezi vyake, hula kumbukumbu ya nyumba ambayo haikuulizwa. Anayetumia RAM ya mwenzake halipi chochote, kwa hiyo hana sababu ya kubana.

Zipo vilevile ofisi zilizohamishia huduma zote mtandaoni, jambo jema kabisa, kisha zikamweka mwombaji wa kibali au wa mkopo wa masomo mbele ya ukurasa wa kwanza uliojaa picha kubwa zinazopishana, za wakubwa wakikata utepe. Hapa hesabu inafaa. Picha ya nukta milioni 12, kama zinazopigwa na simu nyingi, huweza kuwa faili dogo la megabaiti chache, lakini kivinjari kikiifungua kwa ukamilifu wake hutumia baiti 4 kwa kila nukta, yaani megabaiti 48. Kwa maneno mengine, ili kumbeba mgeni rasmi mmoja na mkasi wake inahitajika kumbukumbu ya zaidi ya vyombo 11,000 vya Apollo, na wageni rasmi huwa watano. Fomu yenyewe ina visanduku kumi! Jina, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, namba ya simu! Kwa nini mtu wa Misungwi alipe nauli hadi mjini, apange foleni kwenye duka la kuchapisha, alipie saa nzima ya kompyuta ya wengine, kwa sababu mtu fulani aliona ni lazima mkasi uonekane vizuri? Na akipiga simu kuuliza, huambiwa kwamba mfumo unasumbua, asubiri kidogo.

Turejee kwenye utulivu unaofaa sifa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inayoishika nafasi yake hutaka, mbali na gigabaiti 4 za RAM, kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho kompyuta nyingi za mtumba hazina. Kwa hiyo hata aliyehangaika akaongeza RAM hadi 8 huweza kukataliwa, na safari hii si upungufu uliomkataa. Mifumo mepesi ya Linux ipo na haitozi bei, nayo huzipa mashine hizo miaka mingine ya kazi. Lakini haina dawa ya ukurasa wenye mkasi.

Kwa kuwa sifa tupu hazimnufaishi anayesifiwa, linafaa pendekezo moja. Kila anayeagiza mfumo wa umma, na kila anayeupokea na kuusaini kwamba umekamilika, akabidhiwe kompyuta ya mezani ya gigabaiti 2 pamoja na bando la kawaida, aketi nayo nyumbani kwake, na ajaze fomu yake mwenyewe hadi apate namba ya risiti, na posho ya kikao ilipwe baada ya namba hiyo kuonekana.