Shangazi, Nalala Chini ya Jiko la Watu

Barua za mwezi huu zimenijia kutoka chini ya ardhi. Si ahera, ni besimenti. Wanetu walioko Marekani na Kanada wamepanga vyumba vilivyochimbiwa chini ya nyumba za watu, na sasa wanauliza vipambwe vipi. Wengine hawataki kupamba, wanataka kuficha. Hao nawajua kwa mwandiko.

"Shikamoo Shangazi. Niko Minneapolis. Miaka yote nimemwambia mama kwamba naishi nyumba ya ghorofa, na si uongo, maana juu yangu ziko ghorofa mbili. Mama anakuja Januari kutoka Tanga. Dirisha langu ni moja, liko karibu na dari, na kinachoonekana ni tairi za gari la jirani. Nifanyeje asishtuke? – Mwana wa Ngamiani"

Marahaba mwanangu. Mwambie ukweli kabla hajapanda ndege. Mama wa Tanga ukimteremsha ngazi za gizani bila taarifa, ataanza Yasini.

Sasa chumba. Wapambaji wa besimenti wengi wanataka ijifanye iko juu. Wanapaka nyeupe tupu kuta zote, wanawasha taa kali ya dari, na wanapata zahanati. Rangi nyeupe inataka jua. Pasipo jua inageuka kijivu. Wewe waige mafundi wa Lamu. Katika zile nyumba za mawe za kale, chumba kilichojificha nyuma, ambacho wenyewe wanakiita ndani, hakikuwa na dirisha la nje. Mwanga ulianzia kiwandani, yaani kwenye ua wa nyumba, ukavuka misana, zile kumbi ndefu, ukafika umechoka. Je, walikionea haya? Walikifanya kizuri kupita vyote: ukuta mzima wa zidaka, vile vishubaka vya chokaa iliyonakshiwa, na humo bakuli na sahani za kaure za China zinazodaka kila chembe ya mwanga. Ule uficho wake ndio uliokuwa heshima yake.

Basi na wewe usipigane na giza, lipe kazi. Ukuta mmoja ujaze rafu ndogo ndogo, upange vitu vinavyong'aa: sahani, birika la shaba, kioo. Kuta nyingine zipake rangi ya malai, au ukiwa na moyo, nyekundu ya tofali. Taa ya dari izime, uwashe tatu za pembeni, ziwe chini ya usawa wa macho. Kwenye boksi la balbu tafuta 2700K, huo ndio mwanga wa umanjano wa jioni. 5000K mwachie daktari wa meno. Pazia lianzie darini liishie sakafuni, tena lienee ukuta wote na dirisha libaki katikati, mgeni asijue nyuma yake kuna kioo cha ukubwa gani. Dari ni fupi, kwa hiyo kitanda nacho kiwe kifupi, ila usitandike godoro juu ya zege. Zege baridi linafanya jasho chini ya godoro, na baada ya muda utakuwa unalala na ukungu. Zulia lipate kitambaa kinene chini yake, na mkeka wa ukindu utundike ukutani. Sakafuni huko utaota ndevu za ukungu.

Tena hilo dirisha unalolionea haya lina kazi kubwa kuliko pazia. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa sehemu nyingi za Marekani zinataka chumba cha kulala cha chini kiwe na dirisha la kutokea moto ukizuka: likifunguliwa liache upana usiopungua sentimita 51 na kimo kisichopungua 61, uwazi wote ufike kama nusu mita ya mraba, na ukingo wake wa chini usizidi sentimita 112 kutoka sakafuni. Pima leo. Magoti ya mama hayakufikiriwa na waliotunga kanuni, kwa hiyo weka kasha imara chini ya dirisha, la njumu ukilipata, apate pa kukanyaga. Theluji ikianguka usiku, koleo lako lianze kwenye shimo lililo nje ya dirisha kabla ya gari.

Ukimaliza, nunua kipimo cha radoni. Ni gesi isiyo rangi wala harufu, inapanda kutoka ardhini na kujikusanya vyumba vya chini, na Marekani ndiyo ya pili kwa kusababisha saratani ya mapafu, ikitanguliwa na sigara. Minnesota, katika kila nyumba tano zilizopimwa, kama mbili zinakutwa na kiwango cha kutia hofu. Kikizidi, kuna mafundi wanaotoboa sakafu na kuifyonza gesi kwa bomba mpaka juu ya paa. Kipimo chenyewe ni kidogo, kitakaa vizuri kwenye rafu pamoja na sahani.

"Shangazi, niko Scarborough, Toronto. Chumba changu kinanuka uvundo. Nafukiza udi asubuhi na jioni. Kengele ya moshi ilikuwa inanisumbua nikaivisha kofia ya plastiki ya kuogea. Ukutani pana alama nyeusi, nimetundika khanga pea nzima, zimependeza sana. Kiangazi nafungua dirisha mchana kutwa lakini naona uvundo unazidi. Udi gani mzuri zaidi? – Binti Manukato"

Binti, nimesoma barua yako nimesimama. Ivue kengele hiyo kofia, kisha tuzungumze.

Umeivua? Haya. Udi haukaushi kitu. Hata khanga zako nakuhakikishia sasa hivi zina madoa upande wa ukutani. Unyevu wa chumba ukae chini ya asilimia 60, na hasa kati ya 30 na 50. Kipima unyevu ni kitu cha bei ndogo. Kufungua dirisha mwezi wa saba ndiko kunakokuponza: hewa ya nje ni ya moto na imebeba maji, ikigusa ukuta baridi wa chini inayaacha hapo hapo. Siku hizo funga dirisha, uwashe mashine ya kukausha hewa. Ukishamwaga ndoo yake mara ya kwanza utajua ulikuwa unalala na nini.

Kisha fanya upelelezi. Chukua kipande cha nailoni angavu, kibandike ukutani, kingo zote nne uzizibe kwa utepe, ukiache siku mbili. Maji yakitokea nyuma ya nailoni, yanatoka ardhini. Yakiwa mbele, ni ya hewa ya chumbani. Ya hewani ni yako na mashine yako. Ya ardhini ni ya mwenye nyumba: mfereji wa paa unaomwaga maji kwenye msingi, au udongo unaoteremkia nyumba badala ya kuikimbia. Akikuletea ndoo ya rangi apake juu ya doa, mkatalie, kwa adabu na kwa maandishi. Kabati na kitanda visogeze kutoka ukutani upana wa kiganja, hewa ipite. Pakikauka, fukiza udi mara moja kwa wiki kama mtu mwenye raha, wala usiwe unakimbizana na harufu.

"Shangazi, nimepata chumba cha chini Queens, New York, bei ya kutupa. Hakina dirisha kabisa. Nataka nibandike picha kubwa ya pwani ya Nungwi ukuta mzima nijione nyumbani. Ni gundi gani haiharibu rangi? – Mpenda Bahari"

Usinunue gundi. Tarehe 1 Septemba 2021 mabaki ya kimbunga Ida yalimwaga mvua juu ya mji huo, na watu 11 walifia katika makazi ya chini ya ardhi, wengi wao huko huko Queens. Maji yakishajaa upande wa pili, mlango unagoma kusukumika, na mwenye dirisha ndiye anayebaki na pa kutokea. Chumba kisicho dirisha si cha kulala, kwa sheria na kwa akili. Tafuta kingine, hata cha kushirikiana na wenzako watatu na foleni ya choo. Nungwi utaibandika huko.

"Shangazi, najenga Mbweni, Dar es Salaam. Nimeona kwenye filamu wazungu wana besimenti zenye makochi na taa za rangi. Fundi wangu anasema haiwezekani. Nimfukuze? – Bosi Mjenzi"

Mwongeze posho. Wenzetu hawakuchimba kwa ajili ya makochi. Ardhi yao inaganda: kusini mwa Minnesota msingi unatakiwa ushuke mita moja na zaidi usije ukainuliwa na barafu, na mtu akishachimba kiasi hicho anaona aongeze kidogo apate chumba. Mbweni barafu iko kwenye friji. Kabla ya kubishana na fundi, muulize jirani mwenye kisima alikutana na maji futi ya ngapi.

"Shangazi, mimi shida yangu ni kinyume. Tuko Columbus, Ohio. Mume wangu amepamba besimenti kwa zulia, kochi, televisheni na friji ndogo, na sasa hapandi. Wikiendi nzima namsikia tu akishangilia Simba. Nimfanyeje? – Mke wa Juu"

Usishuke kugombana, atakukaribisha kochini nawe utanogewa. Mashine ya kufulia bila shaka iko huko huko chini, pembeni ya televisheni. Mechi ikianza, mpelekee kikapu cha nguo za nyumba nzima, mwambie kwa upole kwamba fundi wa nguo ni yule anayekaa karibu na mashine. Ndoo ya mashine ya kukausha hewa nayo ni yake. Na chai iandaliwe mezani juu, kwa wanaokaa mezani.