Wikiendi Ndani ya Kifurushi

Ndege za Riyadh kwenda Jeddah zina kawaida moja: mwenye shati na tai ndiye anayeonekana kituko. Safu niliyokaa wote walikuwa kwenye ihramu, shuka mbili nyeupe na ndara, nami katikati nimekumbatia laptopu. Likatoka tangazo kwamba mikati, mpaka wa kuhirimia, inakaribia, aliyenuia Umra ajiandae. Mzee mmoja wa Kimombasa, tuliyejuana tangu kufunga mikanda, alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, mbona hukuhirimia?"

"Mzee wangu, mimi naenda kuweka fomu ya likizo."

Akafikiri kidogo. "Haya. Mungu akutakabalie."

Dua niliihitaji. Ofisi yetu ilikuwa ikitengeneza vipande vya tovuti za ndani za makampuni, zile za SharePoint: fomu, kalenda, orodha za simu. Kila kipande hufungwa kuwa kifurushi, yaani faili moja lenye mkia wa wsp, na ukilipekua ni kabrasha la kawaida tu lililobanwa na kupewa jina jingine. Kwa maneno ya wauzaji wetu, unalituma kwa barua pepe, fundi wa kule anabofya, kazi imekwisha. Barua pepe ya mteja wa Jeddah ilipouona mkia ule ililitupa faili nje kama mgeni asiye na ikama, kibali cha kukaa nchini. Matundu ya kuchomeka flashi yalikuwa yamezibwa kwa gundi. Ikabaki diski, na diski haina miguu. Ndiyo maana mtu mzima na akili zake alivuka kilomita 800 na ushei kupeleka faili dogo kuliko picha ya harusi.

Nilipofika, neno la siri la seva lilikuwa na wenyewe wawili: nusu alikuwa nayo fundi, Msudani mpole sana, na nusu nyingine mudiri, yaani mkurugenzi wao. Mmoja akiandika, mwenzake sharti ageukie ukutani. Mudiri alikuwa akiandika kwa kidole kimoja, akakosea, na fundi akarudia nusu yake upya. Nilikunywa kahawa ya iliki mpaka mikono ikaanza kutetemeka.

Kifurushi kikaingia. Tovuti ikazimika kidogo, kama ilivyo desturi yake inapopokea kitu kipya, na simu zote za jengo zikalia. Kisha likatokea kosa kwa Kiarabu. Sasa, mimi ni mtoto wa chuo cha Kurani. Herufi nazisoma tangu utotoni bila kukwama. Maana ndiyo habari nyingine. Nikalisoma lile kosa kwa sauti, kwa madda na ghunna zake. Mudiri alifurahi mno, akanijibu kwa dakika kadhaa bila kuvuta pumzi. Nilikuwa nikitikisa kichwa kila palipoonekana panafaa.

Fundi ndiye aliyeniokoa: tarehe haikubaliki. Seva ile ilikuwa inafuata kalenda ya Umm al-Qura, ambayo ndani ya programu huanzia mwaka 1318 Hijria, yaani 1900. Fomu ikiachwa bila tarehe, mashine huweka mwaka wa 1 Miladia, na mwaka huo kwenye kalenda ile haupo. Mashine zetu za Riyadh zilikuwa zimewekwa Kiingereza, kwa hiyo huko kila kitu kilikuwa shwari. Tukapachika dawa kwa simu. Mshale wa "endelea" nao ulikuwa unaelekea kulia, na kwenye ukurasa wa Kiarabu kulia ndiko utokako. Huo niliugeuza nikiwa nimesimama.

Lakini kasheshe yenyewe ilikuwa ya kifalme. Hati ya mahitaji, iliyosainiwa na mteja kila ukurasa, ilisema wikiendi ni Alhamisi na Ijumaa na haibadiliki, kwa hiyo ikafungwa humo humo ndani ya programu. Jumapili ya tarehe 23 Juni 2013, kifurushi kikiwa tayari kwenye diski, Mfalme Abdullah akatoa amri: kuanzia tarehe 29, wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi.

Mimi nilitua wiki iliyofuata. Makarani waligundua mapema kuliko mafundi: ukiomba likizo ya Alhamisi, fomu inaihesabu kuwa ni siku ya mapumziko na haikukati kitu, na Ijumaa na Jumamosi ni zako kwa amri ya mfalme. Maombi ya Alhamisi yalimiminika kama mvua ya masika. Nikamweleza mudiri kwamba tutafunga kifurushi kipya. Akaniambia, kupitia kwa fundi, kwamba hakuna haraka, tungojee kwanza ombi lake lipite.

Hati ya kupokea kazi aliitia saini kwa tarehe ya Hijria. Wahasibu wetu wa Riyadh wakaiingiza 1434 ilivyo, na mashine yao ikatambua deni lililocheleweshwa miaka 579. Ikamtumia mudiri barua kali ya ukumbusho. Jibu lilirudi papo hapo, la kujiendesha: yuko likizo, atarejea Jumapili.