Jela Iliyokosa Wafungwa

Watalii hupanda boti Mji Mkongwe, Zanzibar, wakavuka hadi kisiwa cha Changuu kuona jela. Hupiga picha langoni, nyuso wamezikunja kwa huzuni, ilhali jengo hilo la Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa Zanzibar miaka ya 1890, halikuwahi kulaza mfungwa hata mmoja. Liligeuzwa karantini ya homa ya manjano. Kosa la waliozuiliwa humo lilikuwa kupanda meli.

Kabla yake, ndiyo, kisiwani palifungiwa watumwa wakaidi. Hao hawana lango la kupigia picha.

Waliotumikia kifungo hasa ni kobe. Wanne waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Kiingereza. Wakazaana, mwaka 1955 wakafika 200. Kisha wakaanza kuibwa na kuuzwa, hata 1996 wakabaki saba. Hatua kali zikachukuliwa: wakafungiwa kobe. Sasa mgeni hulipa kiingilio, akapewa majani awalishe, akawakuna shingo. Wengine wameandikwa umri mgongoni kwa rangi, kama namba ya mfungwa. Waliowauza wenzao hawajaandikwa popote.