Matimbo Yetu Yatazamwapo Kutoka Juu: Jaribio la Uainishaji

Taaluma ya kutambua matimbo ya zamani kutoka angani haijapata idara wala posho, ila ina wafuasi. Ni wale abiria wanaokataa soda ili wasigeuze shingo kutoka dirishani. Mzee wetu ni Mwingereza O.G.S. Crawford, ambaye pamoja na Alexander Keiller alipiga picha za mashamba ya kusini mwa Uingereza kutoka ndegeni na kuzichapisha kitabuni mwaka 1928. Kutokana na kazi kama hizo tunajua kwamba jua la jioni hufichua hata bonde la kina cha goti, na kwamba ngano iliyoota juu ya shimo lililofukiwa hurefuka na kuchelewa kukauka, kwani udongo wa pale ni mwingi na una unyevu. Huku kwetu mkulima huchanganya mahindi, kunde na maboga katika shamba moja, na dalili hiyo humezwa. Ikabidi tujitungie kanuni.

Kanuni yenyewe ni hii: usitazame shimo, tazama njia. Timbo lina njia moja pana, ya tipa, inayochepuka kutoka barabara kuu na kuishia pale bila kuwa na shughuli nyingine yoyote. Lambo la mifugo lina vijia vingi vyembamba vinavyokutana kutoka pande zote, kwa sababu ng'ombe hawana mkandarasi. Kichuguu hakina njia kabisa. Mtafiti anayetangaza timbo kabla ya kuona njia anastahili kuhamishiwa viti vya katikati.

Jamii iliyoenea kuliko zote ni Shimo la Mkandarasi, linalozaliana kandokando ya barabara kila inapojengwa. Hapa ndipo palipochimbwa moramu. Tabaka la moramu huwa jembamba, kwa hiyo shimo hutanuka badala ya kuzama: ni pana, halina kina, na kingo zake zina tuta la udongo wa juu uliosukumwa pembeni na buldoza, eti utarudishwa. Umri wake husomwa kwa rangi. Likiwa changa ni jekundu la kuumiza macho. Likikomaa huota majani pembezoni, huku sakafu yake ngumu ikibaki na kipara kwa miaka. Masika yakifika linajaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, njia ya tipa inafunikwa na nyasi, na vijia vyembamba vinaanza kuchora upya. Hapo linahama jamii na kuwa lambo, na mbu huwa wa kwanza kuutambua uainishaji mpya. Tuta la udongo bado lipo.

Shimo la Pwani ni la tabia nyingine. Kule Kilifi na Kwale mawe ya matumbawe hukatwa kama matofali, basi hata shimo lenyewe lina pembe kama chumba kisicho na paa. Likiwa jipya ni jeupe. Kadiri linavyozeeka mwamba hugeuka kijivu, kisha karibu mweusi.

Mwadui tunaitaja kwa adabu tu. Mwamba wenye almasi ulioibuliwa na John Williamson mwaka 1940 una ukubwa wa hekta 146, na kuutambua kutoka juu hakumpi mtu cheo chochote.

Ugumu uko kwenye Shimo Mstaafu. Mfano bora ni Bamburi, Mombasa, ambako kiwanda cha saruji kiliacha jangwa la mwamba mtupu. Mwaka 1971 Rene Haller alianza kupanda miti. Mvinje ukavumilia, na jongoo wakaletwa kusaga majani yake yaliyodondoka yawe udongo. Leo kutoka juu unaona msitu wa kijani kizito, na ndani yake twiga. Ndiko alikopelekwa Owen, kiboko mdogo aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe mkubwa wa Aldabra. Kwa mtaalamu wa mashimo hii ni kero: timbo likitunzwa hivi, halitambuliki tena. Tunashukuru kwamba wakandarasi wengi hawana nia ya kutusumbua namna hiyo.

Wanaofanya utafiti kwenye picha za setilaiti wana janga lao. Ubongo wa mwanadamu huamini kwamba mwanga hutoka juu, na picha hizo huwekwa kaskazini juu. Dar es Salaam, miezi mingi jua liko upande wa kaskazini, na shimo hubaki shimo. Lakini kati ya Oktoba na Februari jua huhamia kusini, ukuta wa kusini ndio unaoingia kivulini, na timbo zima huinuka likawa kilima. Urafiki umevunjika kwa jambo hili. Dawa ni kuigeuza picha juu chini.

Lipo pia Shimo Bandia, jeusi, la duara, lisilo na njia, ambalo baada ya dakika mbili liko kata nyingine. Hilo ni kivuli cha wingu.

Anayetaka kujiunga nasi achague ndege za asubuhi, vivuli vikiwa bado virefu, na zile za pangaboi ikiwezekana. ATR na Q400 zina bawa juu ya dirisha, hivyo hakuna kiti cha dirishani kinachofunikwa ardhi yake na bawa.