Tafadhalini, Nifungieni Mlango

Wamisionari wanaopelekwa Ulaya wana bahati na hawaijui. Wanabisha hodi, mtu anafungua, anawaangalia viatu, anasema hapana, anafunga. Kazi imekwisha kabla jasho halijatoka. Mitt Romney, yule aliyegombea urais wa Marekani mwaka 2012, alifanya umisionari Ufaransa kuanzia 1966 hadi 1968, akiwashauri Wafaransa waache mvinyo. Watu wakisikia habari hiyo humhurumia. Mimi humwonea wivu.

Mimi nilipangiwa Dar es Salaam.

Hapo hakuna kuchagua. Kijana wa kanisa letu akitimiza miaka 18 (zamani ilikuwa 19, ikapunguzwa mwaka 2012) anapeleka maombi, halafu anasubiri aambiwe ni pembe gani ya dunia atakakotumika kwa miaka miwili. Mabinti huenda kwa miezi 18, jambo ambalo nalitaja kwa kinyongo kidogo. Siku ya kusoma jina la mahali, ukoo mzima ulijaa kwetu Kayole, Nairobi. Shangazi alikuwa amejiandaa kwa Brazili. Niliposoma Tanzania, akauliza kama nitakuwa narudi wikendi.

Basi nikafika Dar, nikajiandaa kufungiwa milango, na mlango wenyewe sikuuona. Mara nyingi palikuwa na pazia tu, na nyuma ya pazia sauti ya mama inasema "karibuni" kabla hatujamaliza "hodi". Hajajua sisi ni nani. Viti vinatolewa, feni inageuzwa upande wetu, mtoto anatumwa dukani. Tunahubiri. Anakubali. Tunamwambia Mungu alimtokea Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa letu, mwaka 1820 huko New York, kijana wa miaka 14, akiwa anaomba kichakani; anasema Mungu ni mkubwa. Tunamwambia kuna kitabu kilichotoka kwenye mabamba ya dhahabu. Anasema haya, makubwa haya. Tunamwalika kanisani Jumapili. "Nakuja, baba, wala usiwe na wasiwasi." Jumapili haji. Jumanne tukipita tunakaribishwa upya kwa furaha ileile, viti vilevile, na yeye ndiye anayetuuliza mbona tumepotea.

Mimi ni wa Nairobi. Kwetu mtu asiyetaka kitu anakwambia hataki, na ukiwa na bahati anakwambia bila kukutukana. Kila wiki tulitakiwa kuripoti idadi ya watu tuliowafundisha na wangapi wamekuja kanisani. Safu ya kwanza ilikuwa imefurika. Ya pili ilikuwa safi.

Mavazi nayo hayakutusaidia. Shati jeupe, tai, suruali nyeusi, begi mgongoni, kibandiko cheusi kifuani, na tunatembea wawili wawili. Uswahilini watu wa namna hiyo wanajulikana, na si kwa injili. Ni watu wa kausha damu wanaofuata marejesho ya mkopo. Tukiingia mtaa mpya wa Mbagala, akina mama waliokuwa wanasukana barazani walitoweka, mtoto akaachwa atuambie mama kasafiri, huku mama akikohoa ndani. Walipogundua kwamba hatudai hela, furaha yao ilikuwa kubwa kiasi kwamba walitusikiliza somo zima bila kuuliza swali hata moja.

Kuna pia suala la jina. Mwaka 2018 Russell M. Nelson, aliyekuwa rais wa kanisa letu wakati huo, alihimiza tuache kujiita Wamormoni na tutumie jina kamili: Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Sina ubishi naye. Ila hakuwa akilitamka ndani ya daladala ya Gongo la Mboto saa moja asubuhi, mguu mmoja ukiwa hewani. Ukifika "Watakatifu", abiria wanageuka wakuangalie vizuri. Ukifika "Siku za Mwisho", kuna mmoja atauliza kama ni kabla au baada ya kodi ya nyumba.

Lakini hayo yote madogo. Kubwa ni chai.

Hatunywi chai. Hatunywi kahawa, wala pombe, wala hatuvuti sigara. Kwa pombe na sigara hakuna aliyetusumbua. Waislamu na walokole wametutangulia, njia ilikuwa imeshafyekwa. Chai ni habari nyingine. Mama ameshawasha jiko, ndiyo kwanza unamwambia hunywi.

"Ya rangi?"

Hapana, mama.

"Ya maziwa basi."

Hata ya maziwa, mama.

"Ahaa, kumbe nyie Wasabato!"

Hapana, mama.

"Mna vidonda vya tumbo?"

Mwenzangu, kijana wa Utah aliyefundishwa Kiswahili darasani huko Provo kwa wiki chache, siku moja alijibu ndiyo ili yaishe. Tulitoka pale na chupa ya dawa ya mizizi, tunywe kutwa mara tatu.

Bibi mmoja wa Tandika yeye hakuridhika na majibu mepesi. Alitaka kujua sheria hiyo imetoka wapi. Tukamweleza: Februari 1833, mji wa Kirtland, jimbo la Ohio. Joseph Smith alikuwa akiwafundisha wafuasi wake katika chumba cha ghorofani, nao wakishakaa tu wanawasha viko, wengine wanatafuna tumbaku na kutema sakafuni. Kwa simulizi ya Brigham Young, aliyemrithi, kero ya moshi ule na kero ya Emma, mke wa nabii, ambaye ndiye aliyebaki na sakafu ya kudeki, zilimfanya nabii aende kumuuliza Mungu. Likaja jibu la kukataza tumbaku na pombe, na ndani yake vinywaji vya moto pia.

Bibi akaitazama sakafu yake. Akasema huyo Emma ana akili. Kisha akaanza: na uji je, si wa moto? Tukasema uji ruksa. Mchuzi? Ruksa. Chai ikipoa? Hapana, bibi, viongozi walishafafanua kwamba makusudio ni chai na kahawa, ipoe isipoe. Akanyamaza, akatutazama mmoja mmoja, akasema basi shida ya watu wenu si moto. Mwenzangu akafungua begi atafute kifungu. Nikamwambia aache.

Tulipopita tena, alikuwa amechemsha mchaichai na tangawizi, bila jani hata moja la chai, akatumiminia kwenye vikombe vya wageni na kukaa mbele yetu kuhakikisha tunamaliza. Ikawa desturi. Joto la Dar la mwezi wa pili, tai shingoni, na kikombe kinachofuka moshi kilichotengenezwa mahsusi ili tusivunje sheria. Kanisani hakuja. Lakini ole wetu tupite Tandika bila kuingia kwake.

Wengine walimaliza tatizo kwa soda. Soda haina kesi. Mwaka 2012 kanisa lilieleza wazi kwamba katazo haliitaji kafeini, na mwenzangu anasema kwao Utah kuna vibanda vya kuuza soda iliyochanganywa na krimu, watu wanapanga foleni ndani ya magari. Kwetu sisi ilikuwa nyumba ya kwanza soda ya machungwa, ya pili soda nyeusi, ya tatu soda ya tangawizi. Mtoto ametumwa dukani na hela ambayo unajua kabisa ilikuwa ya mboga. Ukikataa umewadharau. Ukinywa umewala mboga yao.

Halafu bahari. Mmisionari haruhusiwi kuogelea. Ni kwa usalama wetu, tunaambiwa, ingawa miongoni mwa waumini ipo hadithi ya zamani kwamba shetani ana mamlaka juu ya maji, hadithi ambayo wazee wa Pwani wangeielewa bila kufafanuliwa. Sasa Utah haina bahari. Ina ziwa la chumvi. Mwenzangu amevuka nusu ya dunia, amefikishwa kwenye Bahari ya Hindi, akakatazwa kuingiza zaidi ya kidole. Jumatatu, ambayo ndiyo siku yetu ya kufua na kununua mahitaji, tulikuwa tunakwenda Coco Beach kula mihogo na kutazama watoto wa shule wakipiga mbizi. Alikuwa anauliza maswali mengi kuhusu maji kujaa na kupwa. Nilimwonea huruma mpaka nikakumbuka kwamba na mimi sijaingia.

Na mwenzako huyo huachani naye. Kanuni inasema umwone na umsikie muda wote, isipokuwa bafuni na chooni. Kumwona sikuwa na tatizo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunaamka, na yeye alikuwa anaamka na furaha, tayari ameshapiga pushapu, anaimba. Mtu wa hivyo nyumbani ungemkimbia. Pale kanuni inakuagiza umfuate. Alimwamkia kila aliyekutana naye shikamoo, makonda pamoja nao. Konda mmoja, kijana wa rika letu kabisa, aliitikia marahaba kwa uzito wote, akamshika bega, akamwita mwanangu, kisha akamtoza nauli ya watu wawili.

Kufua alifundishwa na majirani. Wa kwanza kuona anavyosugua kola aliwaita wenzake waje washuhudie, wakamnyang'anya beseni. Miezi ikapita, mashati yake yakawa meupe kuliko yangu, na akina mama wa ua ule wakawa wanawasimanga waume zao: mwangalieni Mzungu, anafua mwenyewe, anaanika mwenyewe. Mimi ninafua tangu darasa la tatu. Hakuna mke hata mmoja aliyewahi kunitolea mfano.

Mjomba wangu ndiye aliyeniumiza zaidi, tena kwa simu. Kabla ya Februari 2019 mmisionari alipiga simu nyumbani mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Mimi nilikuta ni kila wiki, yaani kila wiki mjomba aliweza kuniuliza habari za dola. Nilimweleza kwamba kazi hii haina mshahara. Nikamweleza kwamba Wamarekani ndio wanaolipa, wao au familia zao, dola 400 kwa mwezi tangu Julai 2020, na sisi wa huku tunachangia tunachoweza, kanisa linajazia.

"Yaani Mzungu analipa ili afanye kazi Mbagala?"

Ndiyo, mjomba.

"Na anajifulia?"

Ndiyo.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema ananielewa, hata yeye asingetaja mshahara wake kwenye simu.

Aliyenikataa waziwazi alikuwa mwalimu mstaafu wa Temeke. Alitukaribisha, akasikiliza, na swali lake hakumuuliza Mzungu. Aliniuliza mimi: kanisa lako liliondoa katazo la kuwapa watu weusi ukuhani mwaka gani? Nikamjibu 1978, mwezi Juni. Akauliza lilianzishwa lini. Nikasema 1830. Hesabu akaifanya mwenyewe, kwa sauti. Akaongeza kwamba wakati huo nchi yake ilikuwa na miaka 16 ya uhuru, na kwamba kabla mwaka huohuo haujaisha yeye alivaa magwanda kwenda vita vya Kagera, na jeshini hakuna aliyemuuliza kama rangi yake inatosha. Mwenzangu alifungua mdomo, akaufunga, na kwa hilo nilimheshimu. Nilimwambia mwalimu kwamba swali hilo ninalo tangu kabla sijaondoka Nairobi, ninatembea nalo. Akasema basi angalau begini una kitu cha maana. Hakutaka somo la pili. Hakuahidi Jumapili. Akatusindikiza hadi barabarani na kutuambia kwaheri, na ilikuwa kwaheri kweli. Nilitembea mchana kutwa nikiwa mwepesi.

Na yupo mmoja aliyesema anakuja, akaja. Dereva wa bodaboda. Alikaa kiti cha mwisho, helmeti mapajani, ibada nzima ya saa mbili. Mkate ukapita, maji yakapita, maana sisi tunatumia maji, akabaki anasubiri kapu la sadaka. Halikupita. Nje akaniuliza kwa sauti ya chini kama wamemwona ni maskini. Nikamwambia hatupitishi kapu. Akafurahi, wiki iliyofuata akaleta mke na shemeji.

Wiki hiyo ndipo tulipofika somo la zaka. Asilimia kumi. Akakuna kichwa, akahesabu mafuta, akahesabu hela ya tajiri mwenye pikipiki, kisha akauliza: kumi hiyo inatoka kabla ya hesabu ya tajiri au baada? Waumini wa Utah, pamoja na wahasibu wao, wanabishana juu ya swali hilo mpaka leo, kabla ya makato au baada ya makato, na yeye alilifikia akiwa ameegemea kibao cha kahawa ambayo ndiyo kwanza ameacha kuinywa. Alibatizwa. Kwetu ubatizo ni wa kuzamishwa mwili mzima, na mimi ndiye niliyemzamisha, nikalowa mpaka kifuani. Sikutaka kutoka. Tanzania nzima, ndiyo maji pekee niliyoruhusiwa kuingia.

Sasa nimerudi. Miaka miwili sikuruhusiwa kukaa peke yangu na msichana, hata barazani, hata kukiwa na mwanga. Nilifika Nairobi Jumatano. Jumapili askofu (kwetu askofu ni mtu wa kawaida mwenye kazi yake, huyu anauza vipuri vya magari) alinipongeza, akanishika mkono, na kabla hajauachia akaniuliza harusi lini. Nikamwambia sina kazi, sina sufuria, mahari nitaitoa wapi? Mjomba, ambaye si muumini na alikuwa amekuja kwa ajili ya pilau, akadakia kutoka nyuma kwamba kuhusu mahari askofu alale usingizi: hela ipo, kijana anaona tu aibu kuitaja mbele za watu.