Ikiunguza, Imeshika

“Vumilia kidogo mpenzi, ndiyo inashika hiyo.” Msusi husema hivyo kwa sauti ya mkunga, na bibiye, machozi yakimlengalenga, anajipepea utosi kwa kadi ya mwaliko wa harusi. Harusi yenyewe ni kesho.

Ndani ya kopo la dawa ya kunyoosha nywele mna sodiamu haidroksaidi, ile ile inayopikiwa sabuni na kuzibulia mabomba. Bomba halijawahi kulalamika, ila bomba nalo halina ngozi. Waoga hununua kopo la watoto, lenye picha ya binti anayecheka. Humo mna kalisiamu haidroksaidi, nayo ni alkali, haichekeani na mtu.

Na jana yake si alifumua misuko, akajikuna kwa ncha ya kitana mpaka ngozi ikachubuka? Dawa imekuta mlango wazi. Mafuta ya mgando ya kukinga ngozi alipakwa, ndiyo, kidogo, pembeni mwa paji, kwa adabu tu.

Wiki ijayo atabandua magamba kichwani, na ukimuuliza atakwambia ni mba. Mwenyewe huyo juzi alirudisha mishikaki kwa muuzaji: eti pilipili imezidi, wanataka kumuua?