Barua ya Wazi kwa Mawaziri wa Ulinzi: Nasi Tunaomba Ndege ya Kivita

Waheshimiwa Mawaziri wa Ulinzi,
Jumuiya ya Afrika Mashariki,
Arusha.

YAH: MAOMBI YA NDEGE MOJA YA KIVITA KWA AJILI YA NYANDA ZA JUU KUSINI

Waheshimiwa, husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wakazi wa Iringa na Mbeya tumevumilia vya kutosha. Uganda wana Sukhoi, Kenya wana F-5, na hata hapa nchini wapo wananchi wa Ngerengere wanaoamshwa na ndege za jeshi bila kulipia chochote. Sisi tunaziona kwenye televisheni siku za sherehe, zikipita juu ya uwanja wakati mpiga picha bado anahangaika kuinua kamera. Tunaomba nasi tupewe moja. Iwe ya Mrusi, ya Mchina au ya Mmarekani, hatuchagui, mradi iwe ghali. Sababu ya kutaka ya ghali nitaieleza huko mbele, maana barua ikianza na mambo ya fedha hupelekwa moja kwa moja kwa mhasibu, na safari yake huishia hapo.

Nianze na uzoefu wa mwombaji. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe waliupokea msafara wa jeshi la Wajerumani chini ya Emil von Zelewski, yule aliyepewa jina la Nyundo. Msafara ulikuwa na bunduki za kisasa na mizinga, teknolojia ya juu kabisa ya wakati huo, na sehemu kubwa ya teknolojia hiyo ilikuwa imefungwa migongoni mwa punda. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja alimfyatulia risasi ndege wa porini, na Wahehe waliokuwa wamejificha vichakani wakadhani mlio ule ndiyo ishara yao. Haukupita muda mrefu Zelewski alikuwa amekufa kwa mkuki, askari zaidi ya mia mbili wamelala njiani, na mkuu wao Mkwawa amejipatia bunduki mamia bila zabuni wala dalali. Mizinga ilikuwa bado juu ya punda.

Ungetegemea Mkwawa atoke Lugalo akiwa mhubiri wa mkuki na kichaka. Lakini naye alikuwa mkubwa wa nchi, na wakubwa wa nchi hupenda ulinzi unaoonekana kwa mbali. Tegemeo lake likawa ngome ya mawe ya Kalenga, ukuta mnene uliokula nguvu za watu kwa miaka. Oktoba 1894 Wajerumani walirudi, safari hii mizinga ikiwa imeshushwa, na Kalenga ikaanguka ndani ya siku chache. Mkwawa aliyetoka humo bila ukuta ndiye aliyewatoa jasho: karibu miaka minne porini, akila kwa wananchi na kulala popote, hadi Julai 1898 alipojipiga risasi Mlambalasi ili asikamatwe. Fuvu lake lipo Kalenga, kwenye sanduku la kioo, tangu liliporudishwa mwaka 1954. Wageni wakilitazama huuliza habari za ushujaa. Mimi hujiuliza swali la kihasibu tu: ukuta uligharimu nini, na miguu iligharimu nini?

Najua mtasema hayo ya mikuki ni mambo ya kale. Basi tuje 1978. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoiteka Kagera yalitaka kuvunja daraja la Kyaka ili jeshi letu, JWTZ, lisivuke. Ndege za kivita zikatumwa, zikaangusha mabomu, daraja likabaki. Zikatumwa tena, daraja likabaki. Mwishowe akatafutwa mtaalamu wa baruti kutoka mgodi wa Kilembe, akaitega baruti yake mahali panapostahili, na daraja likalala mtoni. Nadhani mshahara wa mtu yule haukufika bei ya tairi la MiG. Mwaka uliofuata Gaddafi wa Libya, katika kumsaidia rafiki yake Amin, alituma Tu-22, ndege ya mabomu inayokimbia kuliko sauti, iipige Mwanza. Ikaukosa mji mzima. Kilichopigwa ni hifadhi ya wanyama ya Saanane, na walioanguka ni swala. Hadi leo najaribu kuelewa swala wale walikuwa wa kikosi gani.

Sisi nasi tusicheke kwa sauti, maana Musoma mizinga yetu ilitungua MiG zetu wenyewe kwa kudhani ni za Amin. Walioimaliza kazi ni vijana waliotembea kutoka Kagera hadi Kampala wakaingia tarehe 11 Aprili 1979, wakiwa na makombora ya kubeba begani ya kutungulia ndege, na zile roketi ambazo Waganda wenyewe waliziita saba saba. Oktoba mwaka huohuo makomando wa Rhodesia wakalivunja daraja la reli yetu ya TAZARA pale Chambeshi, Zambia. Nao hawakutumia ndege ya kivita. Walitega baruti kwa mikono yao.

Gharama ya reli hiyo inanipeleka kwa wenzetu wa Kampala. Mwaka 2011 Uganda ilinunua Sukhoi Su-30 sita, na pamoja na silaha nyingine hesabu ikafika dola milioni 740. Fedha zilichotwa Benki Kuu kwanza, Bunge likaja kuombwa idhini baadaye. TAZARA, kilomita 1,860 za madaraja na mahandaki kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iligharimu takriban dola milioni 500. Ndiyo, dola ya miaka ya sabini si dola ya leo, msinitumie mchumi. Nasema tu kwamba reli ile, pamoja na kuchelewa kwake kote, imeshusha abiria Makambako kwa miaka na miaka.

Hapa niuweke utani pembeni kidogo. Tangu Novemba 2021 jeshi la Uganda linawapiga waasi wa ADF ndani ya misitu ya Congo, kwa ndege na kwa mizinga. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 watu wa ADF waliingia Mpondwe, upande wa Uganda, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi wa sekondari waliokuwa bwenini. Walikuja na mapanga, bunduki na moto. Sukhoi zote zilikuwapo, na marubani wake sina shaka ni hodari. Lakini shule ya mpakani usiku huhitaji askari wa zamu, simu inayopokelewa na barabara ya kumfikisha askari huyo kabla hakujakucha, na vitu hivi havipitishwi juu ya uwanja siku ya sherehe.

Sasa turudi kwenye mambo ya Jumuiya. Januari 2023 Rwanda iliifyatulia kombora Sukhoi Su-25 ya Congo, ikidai imeingia kwenye anga lake. Ndege ikatua Goma ikiwa inawaka. Nchi zote mbili ni wanachama wenu na mawaziri wao hukaa meza moja nanyi. Nadhani huo ndio mtangamano tunaousikia kwenye hotuba. Miaka miwili baadaye Goma yenyewe ilianguka mikononi mwa waasi wa M23, watu wa ardhini, huku Kinshasa ikiwa na Sukhoi na ndege zisizo na rubani kutoka China.

Msidhani haya ni ya kwetu maskini tu. Marekani inakadiria kwamba mradi wake wa F-35, kununua na kutunza hadi ndege ya mwisho itakapostaafu, utapita dola trilioni mbili. Moja ya ndege hizo, mali ya Uingereza, ilitua kwa dharura huko Kerala, India, tarehe 14 Juni 2025, ikagoma kuruka. Ikakaa pale zaidi ya wiki tano, mvua za masika ya Kihindi zikiinyeshea, mafundi wakaletwa kutoka kwao, mithili ya lori lililovunjika ekseli katikati ya mlima Kitonga likisubiri kipuri kutoka Dar. Wiki mbili kabla, Ukraine ilikuwa imepakia ndege ndogo 117 zisizo na rubani kwenye malori, malori yakaendeshwa hadi ndani kabisa ya Urusi, na ndege kubwa za mabomu zikachomwa zikiwa zimeegeshwa. Kwa hilo niwatoe hofu: hapa kwetu lori la namna hiyo lingekaa kwenye foleni ya mpakani Tunduma mpaka vita viishe.

Mtauliza tutaitumia nini ndege yetu. Mbeya tutailaza uwanja wa Songwe. Ukungu wa pale umewahi kuzirudisha Dar ndege za abiria zikiwa zimekwisha fika juu ya uwanja, kwa hiyo ya kivita italala kwa amani: adui hataiona, na rubani wake naye hataiona.

Kazi ipo pia Mbarali. Mpunga wa Usangu unapoanza kukomaa, kwelea kwelea hushuka kwa makundi yanayotia giza shambani. Nendeni Ubaruku msimu huo mkaone safu yetu ya ulinzi wa anga: mtoto amesimama juu ya kichuguu tangu alfajiri, mkononi ana kamba ndefu iliyofungwa makopo matupu ya maziwa, kiunoni kombeo, na sauti imemkauka kwa kupiga kelele. Ndege ya vita tunayoikumbuka kwa shukrani ni ile ndogo ya shirika la kudhibiti nzige wa jangwani inayokuja kunyunyiza dawa, ikija. Bei yake sidhani kama ingetosha bawa la Sukhoi.

Nimefika kwenye fedha. Wengi wenu mnaikumbuka rada. Mwaka 2001 Tanzania ilikubali kununua kwa BAE Systems ya Uingereza rada ya pauni milioni 28. Benki ya Dunia ikasema ni ghali kupita haja, waziri wa Uingereza wa maendeleo ya kimataifa, Clare Short, akapiga kelele ndani ya serikali yake mwenyewe, na rada ikanunuliwa. Baadaye ikabainika kwamba karibu theluthi ya bei ilipitia kwa wakala. Miaka ileile ndiyo iliyonunuliwa ndege ya Rais, na waziri wa fedha akanukuliwa akisema itanunuliwa hata kama wananchi watakula nyasi. Kwa upande wetu hilo halina tabu. Kitulo peke yake ina nyasi za kutosha wilaya tatu.

Desemba 2010, mahakamani London, BAE ilikiri kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu, ikatozwa faini ya pauni nusu milioni, na ikakubali kuwalipa Watanzania pauni milioni 29.5. Fedha hizo ndizo wananchi walizoziita chenji ya rada, zaidi ya shilingi bilioni 70, na zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi.

Rudieni hesabu hiyo taratibu, waheshimiwa. Tulinunua rada kwa pauni milioni 28, tukarudishiwa milioni 29.5. Hakuna kilimo, wala mgodi, wala mradi wa maendeleo uliowahi kutuletea faida ya namna hiyo. Kosa letu lilikuwa kununua kifaa cha bei ndogo.

Ndiyo maana tunaomba ndege ya kivita, tena ile ghali kuliko zote. Bei ipandishwe bila aibu, wakala apatikane mapema, na mkataba uandikwe London, ambako kuna mahakimu wenye muda. Madawati yanayohitajika Isimani, Mufindi na Mbozi tutawatumia idadi yake, pamoja na idadi ya askari wa zamu na ya makopo ya maziwa ya Ubaruku. Ndege yenyewe inaweza kubaki kiwandani. Hatuna pa kupata vipuri. Tutumieni chenji.

Wenu katika ujenzi wa Jumuiya,

Mlipa kodi,
Ipogoro, Iringa.

Nakala: Kwa wakala, popote alipo.